Kuanza na kipande au kungoja fedha zote?

Ndugu, umeuliza kama mji unaokua uanze na kipande kifupi cha njia ya baiskeli iliyokingwa, yaani iliyotengwa na magari kwa ukingo, au ungoje fedha za mtandao mzima wa njia hizo. Usingoje, ila kipande hicho kiunganishe mahali na mahali. Njia inayokatika ghafla katikati ya magari haitumiwi, kisha wapinzani wanasema waendesha baiskeli hawapo. Sevilla, Uhispania, walijenga takriban kilomita 80 zilizounganishwa kwa mkupuo, kuanzia 2006, na watu wakazitumia.

Fedha? Fuatilia ratiba ya kuweka lami upya. Barabara ikishachimbuliwa, kuongeza ukingo wa zege ni nafuu kuliko kurudi baadaye kuivunja. Na mstari wa rangi peke yake si kinga: gari litaegesha juu yake siku hiyohiyo.

Nakusihi sana, makutano yasibaki bila bajeti. Hapo ndipo lori linapokata kona na dereva hamwoni mtoto aliye ubavuni. Kisiwa kidogo cha zege kwenye kona humlazimisha dereva apunguze mwendo na asikate kona, amwone mtoto. Tenga pia fedha za kufagia, maana vioo vilivyovunjika hurundikana ukingoni.