Usijaze ndoo: kwa anayeanza kuotesha mboga bila udongo

Miche yangu ya kwanza ya saladi ilikufa ikiwa imezama kwenye maji. Kila asubuhi nilifunua ndoo, nikiona yamepungua vidole viwili najazia hadi juu. Majani yakaanza kulegea. Nikadhani ni njaa, nikaongeza mbolea, na wiki haikuisha yote yakalala.

Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba mizizi nayo hupumua. Njia hii ya kuotesha mboga kwenye maji yenye mbolea, isiyohitaji pampu wala umeme, aliyoieneza Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, inategemea maji kupungua. Mwanzoni yaguse kitako cha kikombe chenye mche. Yanaposhuka, mizizi ya chini huyafuata na ile ya juu hubaki kwenye unyevunyevu ikivuta hewa. Ukijaza upya, unaizamisha mizizi iliyokwisha kuzoea hewa. Ikibidi kuongeza, ongeza kidogo tu, nafasi ile ya hewa ibaki.

Kwa hiyo, ndugu yangu, pesa ya pampu iache kwanza. Chukua ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, toboa matundu matatu, tumbukiza vikombe vya plastiki vilivyotobolewa chini, shikiza miche kwa sponji au makumbi ya nazi yaliyooshwa vizuri. Ndoo nyeupe hupitisha mwanga, na mwanga ukifika majini huota utando wa kijani unaokula virutubisho vya mboga. Ipake rangi nyeusi, halafu nyeupe juu yake. Nyeusi peke yake hufyonza joto, na kwa jua la Dar es Salaam la Januari maji yatapata moto mno. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Mizizi hugeuka kahawia na kunuka. Weka ndoo barazani penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, na kama unaweza anza Juni, kukiwa na ubaridi.

Kwenye mbolea ndipo wengi wanapoharibu. Urea haifai hapa, maana hutegemea bakteria wa udongoni kuigeuza. CAN, yaani mbolea ya kalsiamu amonia naitreti, nayo ina chokaa isiyoyeyuka vizuri. Ulizia mbolea za maji zinazotumika kwenye vitalu nyumba: kalsiamu naitreti, magnesiamu salfeti na NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) inayoyeyuka yote. Kalsiamu iyeyushe peke yake kwenye chombo chake, ndipo uimimine kwenye ndoo iliyojaa maji. Ikikutana na salfeti ikiwa nzito hutuama kama chaki, na mizizi haiwezi kuinywa. Pima pH, yaani kiwango cha uchachu wa maji, kwa karatasi zake; iwe kati ya 5.5 na 6.5.

Maji ya kisima yaonje kwanza. Karibu na pwani mengi yana chumvi, na saladi haivumilii. Afadhali ukinge maji ya mvua.

Ukishavuna, maji yaliyobaki mwagia mpapai, sugua ndoo kwa sabuni, ianike juani kabla ya kupanda tena.