Kapimwa mkono apate gitaa yake, mke kanuna

"Shangazi shikamoo. Mimi ni wa Langoni hapa Lamu, miaka 36, nina mke na watoto watatu. Kazi yangu ni jahazi, natembeza wageni jioni na nawapigia gitaa jua likitua. Miaka minne nyuma kidole changu cha shahada, mkono wa kushoto, kilibanwa na henza, ile kamba ya kupandishia tanga, kikapona lakini hakikunjiki sawasawa. Nimepata fundi Nairobi anachonga gitaa kwa oda, elfu 90. Nimemtumia dipoziti elfu 40 bila kumwambia mke wangu, yeye hushona kofia za vito, zile za kutobolewa matundu kwa sindano, na pesa zile tulikuwa tunaziweka pamoja za tangi la maji. Kaona mesej kwa simu akadhani ni mwanamke, nikamwambia ukweli, ukweli ukamuuma zaidi. Wiki ya pili sasa ni salamu tu. Anasema gitaa mbili ziko ukutani na zote zalia, ya tatu ya nini? Nivunje oda dipoziti ipotee? Na kwani kutaka kitu kizuri ni dhambi?"

Marahaba mwanangu, na pole ya kidole.

Barua yako ilikuwa ndefu, hapo juu nimeikata, lakini nimeisoma mara tatu na kuna mahali umepapita mbio kama si kitu, na mimi ndipo paliponishika. Umesema fundi alikwambia weka kiganja kwa karatasi, chora vidole vyote, piga picha nitumie, halafu akakupigia simu akauliza hicho kidole kikikunjwa chafika wapi, chauma asubuhi, wapiga umeketi ama umesimama chomboni. Ukaandika "hakuna mtu amewahi kuniuliza hivyo." Hata daktari aliyekufunga bendeji hakukuuliza. Nikaweka simu chini kidogo hapo.

Basi tuanze na hilo la dhambi tulimalize. Sisi watu wa Lamu tangu lini tukaona ajabu mtu kuagiza kitu chake? Pita Mkomani utazame milango, ile haikununuliwa dukani, kila mmoja ulichongwa kwa kipimo cha nyumba yake na mwenye nyumba akangoja. Nenda Matondoni uwaambie wataka chombo, fundi atakuuliza wataka cha kuvua, cha kubeba mawe ama cha wageni, chapita mikoko ama chatoka nje ya mwamba, na mchoro hana, yote yako kichwani na kwenye jicho lake. Na ala zetu ni vivyo hivyo, kibangala kile cha wazee kilichongwa gogo moja kikawambwa ngozi, wala hapakuwa na boksi la kiwandani. Marehemu Zein l'Abdin, mwana wa Lamu huyu huyu, alipopakata udi wake, ile ala ya nyuzi, hakuna aliyemwambia udi ni udi tu chukua wowote. Kwa hivyo mimi ulimbukeni sijauona hapo, na wanaokucheka barazani uwaache wacheke.

Na hilo la mkeo kwamba zote zalia, hapo sikubaliani naye, na nitakwambia kwa nini manake nimelala nyumba moja na gitaa. Mdogo wangu alikuwa akipiga mahotelini Malindi, alinunua gitaa moja ya dukani nzuri sana kwa macho, haikumaliza mwaka. Usiku mmoja tumelala tukasikia mshindo tukadhani paka kaangusha sufuria, kumbe daraja la gitaa, kile kibao kinachoshika nyuzi, limeng'oka lenyewe pale ilipotundikwa, ubao wa mbele umefura kama mkate. Alilia yule kijana. Baadaye ndio tukaelezwa: nyuzi sita za chuma zikikazwa zavuta kama kilo 70, ni uzito wa mtu mzima huo unaning'inia kwenye ubao wenye unene wa milimita 3 hivi, na gundi ndiyo imeshika kila kitu. Gitaa zapenda hewa yenye unyevu wa asilimia 45 mpaka 55, na hapa pwani twapita hapo karibu mwaka mzima, ubao unakunywa unyevu, tumbo linafura, nyuzi zinainuka juu, kubonyeza kunakuwa kazi ya kuvuta nanga. Sasa mtu mwenye kidole kizima atabonyeza kwa nguvu maisha yaende. Wewe je?

Tena gitaa nyingi za kiwandani uzi wake ni kama sentimita 65 kutoka pale juu mpaka kwenye daraja, na shingo ina upana wa milimita 43 hivi kule juu, zimekatwa kwa mkono wa mtu ambaye hayupo, mtu wa katikati. Fundi akikukatia uzi wa sentimita 61 ama 62, freti, vile vyuma vilivyokingama shingoni, zinasogeleana, kidole hakinyooki mbali, na uzi ule ule unakuwa laini zaidi kwa kuwa haukuvutwa sana. Akikunyoa shingo nyuma ifuate kiganja chako, gumba linapata mahali pa kukaa na kile kidole kibovu kinasaidiwa na wenzake. Hiyo kwako ni kazi, ni kama msumeno wa seremala. Mwambie mkeo hivyo hivyo, usimwambie "ina sauti tamu" manake hilo hata muuza redio asema.

Lakini mwanangu nawe nikwambie ukweli. Kidole umekiandikia mistari minne. Jina lako kuandikwa kwa njumu, yaani pambo la chaza lililopachikwa ndani ya mbao, kwenye freti ya 12, na mbavu na mgongo wa mpingo, umeviandikia ukurasa mzima. Sikulaumu, kizuri chapendwa na mimi mwenyewe nina kitanda cha samadari nilichokingoja muda mrefu. Ila ujue ni kipi unachohitaji na ni kipi unachotamani, manake maji ya watoto yameingia hapo katikati. Kulikuwa na fundi wa Uhispania, Antonio de Torres, ndiye aliyeiweka gitaa ya kiklasiki kwenye umbo tunaloliona leo, huyo mwaka 1862 alitengeneza gitaa moja mbavu na mgongo akaufanya kwa karatasi ngumu, kartoni, mbele tu akaweka ubao mzuri, na gitaa ikalia vizuri, alitaka watu wajue sauti kubwa yatoka kwa ubao wa mbele. Mpingo ni mti wa heshima, ndio wanaotengenezea zumari za Wazungu zile za klarineti, lakini ni ghali na ni mzito na ukitaka kuuvusha mipaka kuna vibali. Muulize fundi bei bila mpingo na bila njumu, ubao wa mbele abaki na sprusi ama mwerezi mzuri uliokauka sawasawa. Hilo jina utalitia siku nyingine, chaza hazitaisha baharini. Kitu kimoja usikate, freti, mwambie akutilie za chuma kisichoshika kutu, wewe wapiga juu ya maji ya chumvi kila jioni. Na umwambie waziwazi gitaa yaja kukaa Lamu, haikai Nairobi, ajue mbao itafura kiasi gani, aweke na kile chuma cha kukazia ndani ya shingo ili uweze kuirekebisha.

Haya, sasa mkeo. Umeniuliza kama uvunje oda, hukuniuliza umwambie nini huyu mama, na nyumbani kwako ndilo swali lililobaki. Yeye hakukasirika kwa gitaa. Tangi lile mlikuwa mkilitia pesa wawili, na zake zatoka kwenye sindano. Kofia moja ya vito ni miezi miwili, mitatu, tundu kwa tundu, macho yanauma, mgongo unauma, halafu siku moja anakuta elfu 40 zimekwenda na hakuulizwa. Na wewe ukamwacha dakika kadhaa, ama masaa sijui, akidhani una mwanamke. Hizo dakika zilimkata. Lazima uziombee msamaha peke yake kwanza, usichanganye na habari za gitaa, usiseme "samahani lakini". Useme samahani unyamaze.

Na wala usimtume mama yako ama shemeji akakuzungumzie, umeandika unafikiria hivyo, hapana. Haya ni yenu.

Halafu fikiria huyu mwanamke uliye naye. Katika nyumba yote hiyo yeye ndiye anayejua zaidi kuliko wewe kitu cha kupimiwa ni nini! Mteja akija hupimwa kichwa kwa uzi, yule ana kichwa kirefu yule cha duara, na kofia ya mtu mmoja haimkai mwenzake. Siku moja akiwa ameshika kofia yake, usiku watoto wamelala, mwoneshe ile karatasi ya kiganja. Umesema unayo bado kwenye kitabu cha jahazi. Muwekee mkononi, mwambie hapa ndipo kidole kinapogoma, hapa ndipo naumia kila jioni na sijawahi kukwambia. Nina hakika hukumwambia, kwenye barua nzima hakuna mahali umesema mke wangu anajua kidole chauma.

Pesa nazo zipange hivi. Tangi litangulie. Mpigie fundi umwambie salio litachelewa mpaka wageni warudi, huu ni msimu wa kusi na jahazi lenyewe halitoki kila siku, fundi anayejua kazi yake hatakukatalia, mbao kwake haiozi, ikikaa ndio inazidi kukauka. Mwombe na maandishi, hata mesej yatosha: urefu wa uzi, upana wa shingo, mbao gani, lini itakuwa tayari, na ukishindwa anakurudishia kiasi gani. Ulituma elfu 40 kwa maneno ya simu tu, hilo lilinitisha kuliko yote. Na zile gitaa mbili za ukutani, moja uiuze. Ile yenye shingo nene, ndiyo inayokutesa na umesema mwenyewe ndiyo mpya zaidi, kuna vijana Shela wanatafuta ya kujifunzia. Pesa zikiingia usizipitishe kwa simu yako kabisa, zitumwe kwa namba ya mkeo siku hiyo hiyo, ziende kwa tangi.

Akikataa bado? Basi ngoja. Gitaa ya kuchongewa hungojewa hata ukiwa na pesa zote mkononi, na mkeo akingoja nawe haitakuwa siri tena, atakuwa akikuuliza imefika wapi. Anza na samahani leo usiku, karatasi kesho. Na ukimwonesha kidole mwache akishike.