Maswali ya Wasomaji: Besi, Midi na Twita Zipatane Vipi Katika Mnara Mmoja?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni seremala na nimejitengenezea minara miwili ya spika za njia tatu. Kila boksi lina upana wa sentimita 28, nami nimefunga besi (spika ya sauti nzito) ya inchi 10, midi (ya sauti za kati) ya inchi 5 na twita (ya sauti nyembamba) ya inchi 1, zote za omu 8, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. Nilihakikisha wati zao zinakaribiana, kisha nikaweka krosova ya dukani, ile saketi inayogawa sauti kwa kila spika. Boksi zimetoka safi, lakini twita inachoma masikio, besi haina uzito, na mwimbaji anasikika kama yuko chumba cha pili. Karatasi za kiwandani zinasema unyeti wa besi ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 90, wa midi 89 na wa twita 93. Nimekosea wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu yangu, nashukuru kwa kuandika vipimo vyote, maana bila hivyo ningekuwa nabahatisha. Wati ulizozilinganisha zinaeleza tu umeme ambao spika inaweza kuvumilia kabla ya koili yake kuungua. Hazisemi lolote kuhusu ukubwa wa sauti itakayotoa. Spika mbili zenye wati sawa zinaweza kupishana kwa desibeli 6 zikipewa umeme uleule. Kipimo cha kuoanishia ni unyeti, yaani sauti inayopimwa umbali wa mita 1 spika ikipewa volti 2.83.

Hata hivyo, ile 90 ya besi yako huipati yote ukishaifunga kwenye mnara. Kiwanda hupima spika ikiwa kwenye ubao mpana, lakini boksi jembamba huziacha sauti za chini zizunguke na kwenda nyuma yake. Ili ujue hali hiyo inatokea karibu na masafa gani, gawanya 115 kwa upana wa boksi kwa mita: kwa boksi lako la mita 0.28, jibu ni kama hezi 410, yaani mitetemo 410 kwa sekunde. Karibu na hapo, kadiri unavyoshuka chini, sauti ya mbele hupungua polepole hadi kufikia desibeli 6 mahali pa wazi. Ndani ya sebule, ambapo ukuta wa nyuma hurudisha sehemu yake, mimi hukadiria upungufu wa 3 hadi 4. Kwa hiyo besi yako inafanya kazi kama spika ya desibeli 86 au 87, huku twita ikikaa palepale kwenye 93, na hiyo ndiyo inayokuchoma masikio.

Krosova ya kapasita na koili haiwezi kuipandisha besi. Inachoweza ni kuzishusha nyingine ziifuate. Ndiyo maana nasisitiza kwamba besi ichaguliwe kwanza, kisha zitafutwe midi na twita zenye unyeti uliozidi ule unaobaki kwa besi, ili pawepo na cha kupunguza. Spika zako zinafaa kabisa, na sioni sababu ya kununua nyingine.

Anza na twita. Weka rezista (kipande kinachopunguza umeme) ya omu 4 kwa mfuatano kwenye waya wa chanya unaotoka krosova, kisha weka ya omu 8 sambamba na twita yenyewe. Omu 8 mbili zikiwa sambamba hufanya 4. Ukijumlisha 4 ya mbele unarudi kwenye 8, hivyo krosova inaona mzigo uleule. Volti nazo zimegawanyika nusu kwa nusu, na nusu ya volti ni upungufu wa desibeli 6 kamili. Tumia zile rezista nyeupe za saruji za wati 10, na usizibane kwenye ubao kwa sababu hupata moto. Midi nayo utaishusha kwa njia hiyohiyo, ila kwa desibeli 2 au 3 tu.

Kuhusu mwimbaji kusikika kwa mbali, nashuku waya za midi zimefungwa upande usiofaa. Krosova ya desibeli 12 kwa oktavo (kila masafa yanapoongezeka au kupungua mara mbili) huzifanya spika jirani zipingane pale zinapokutana, na kwa kawaida dawa yake ni kugeuza waya za midi. Zima amplifaya, badilisha chanya na hasi za midi kwenye minara yote miwili, kisha sikiliza wimbo uleule ukiwa umekaa palepale. Mwimbaji akisogea mbele, acha hivyo.

Mkato wa besi na midi, yaani masafa ambapo moja inaiachia nyingine, ukiwa karibu na hezi 400, na ule wa midi na twita karibu na 2,500, utakuwa mahali salama, mradi masafa asilia ya twita (yale inayotetema yenyewe kwa urahisi, yameandikwa kwenye karatasi ya kiwandani) yasizidi nusu ya mkato wake. Hakikisha pia kwamba midi ina chumba chake kilichozibwa ndani ya boksi. Mnara wangu wa kwanza haukuwa nacho, na nikiupiga ngoma niliona koni ya karatasi iliyo mbele ya midi ikisukumwa na pumzi ya besi hata nilipokuwa nimezichomoa waya zake.

SWALI: Je, naweza kutumia besi mbili za inchi 6 na nusu badala ya moja ya inchi 10?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Unaweza, na kwa mnara mwembamba ningependelea hivyo. Besi mbili za omu 8 zikifungwa sambamba huongeza desibeli 6 kwa volti zilezile, kiasi kinachofidia ule upungufu niliomweleza msomaji wa Morogoro. Nusu ya ongezeko hilo, hata hivyo, hutokana na amplifaya kutoa umeme mara mbili, kwa kuwa sasa inaona omu 4. Ukinunua besi za omu 4 itaona omu 2, na amplifaya nyingi za nyumbani haziwezi mzigo huo. Angalia pia karatasi ya kiwandani: volti 2.83 ni wati 1 kwa spika ya omu 8, lakini ni wati 2 kwa ya omu 4, kwa hiyo 90 ya omu 4 ni sawa na 87 kwa wati 1.

SWALI: Nitajuaje kwamba spika za kushoto na kulia zinafanana?
Msomaji, Arusha

JIBU: Zinunue kwa pamoja, za toleo moja. Kisha zipime kwa maltimita: spika ya omu 8 kwa kawaida husoma karibu na 6, na muhimu ni kwamba jozi isomeke karibu sawa. Kwa besi, gusisha betri ya volti 1.5, chanya kwa chanya, kwa sekunde moja tu. Koni ya kila moja inapaswa kuruka mbele. Twita usiijaribu kwa betri.