Maswali ya Wasomaji: Arvo Pärt, Mtunzi Aliyepunguza Nota

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa kwaya ya kanisa hapa Moshi. Kijana wetu mmoja ametusikilizisha kwenye simu kipande cha fidla na piano kiitwacho Spiegel im Spiegel, cha mtunzi Arvo Pärt. Wanakwaya wamegawanyika. Wako walioguswa sana, na wako wanaosema kwamba hata mtoto anayeanza kujifunza kinanda angeweza kukitunga. Je, mtu huyu ni mtaalamu kweli?

JIBU: Mwalimu, ni mtaalamu, na anayetaka ushahidi autafute katika kazi alizoandika kabla ya hiyo. Pärt alizaliwa mwaka 1935 mjini Paide, Estonia, nchi ambayo muda si mrefu baadaye iliingizwa katika Muungano wa Kisovieti. Alisomea utunzi katika konsevatori ya Tallinn chini ya Heino Eller, akahitimu mwaka 1963, huku akifanya kazi ya fundi sauti katika redio ya Estonia. Mwaka 1960, akiwa bado mwanafunzi, aliandika Nekrolog, kazi ya okestra inayofuata mfumo wa nota kumi na mbili, ambamo nota zote za oktava huwa na cheo kimoja na hakuna hata moja ambayo wimbo unaweza kuiita nyumbani. Alikuwa wa kwanza kufanya hivyo nchini mwake, na wakubwa wa muziki wa Kisovieti walimkemea kwa hilo. Kwa hiyo muziki mgumu aliujua, tena aliujua mapema kuliko wenzake.

Mwaka 1968 iliimbwa Tallinn kazi yake Credo, ya kwaya, piano na okestra, ikiongozwa na Neeme Järvi. Inaanza kwa kumkiri Kristo waziwazi, inapita katika maneno ya Injili ya Mathayo kuhusu jicho kwa jicho na jino kwa jino, ambapo okestra inavurugika mpaka ikawa kelele tupu, kisha preludi tulivu ya Bach inarudi na kushinda. Kukiri imani namna hiyo jukwaani katika nchi ya Kisovieti lilikuwa jambo zito, na kazi hiyo ilipigwa marufuku. Baada ya hapo Pärt aliacha karibu kabisa kutoa kazi mpya kwa takriban miaka minane. Simfoni ya Tatu ya mwaka 1971 ndiyo kazi kubwa iliyotoka katika kipindi hicho. Muda wake mwingi aliutumia kusoma nyimbo za kale za kanisa za sauti moja na muziki wa sauti nyingi wa karne za kati, akijaza daftari baada ya daftari kwa mistari ya sauti moja. Katika miaka hiyo pia alimwoa Nora, na akajiunga na Kanisa la Kiorthodoksi.

Kilichotoka upande wa pili, mwaka 1976, ni kipande cha piano cha kurasa mbili, Für Alina, chenye mtindo alioupa jina la tintinnabuli, yaani kengele ndogo. Kanuni yake naweza kuieleza kwa solfa, na ninakuomba uijaribu na wanakwaya wako kabla hamjaendelea kubishana. Sauti ya kwanza iimbe polepole, kwa kupanda hatua kwa hatua: la, ti, do, re, mi. Sauti ya pili hairuhusiwi kuimba chochote isipokuwa la, do na mi, na kila mara ichukue ile iliyo karibu zaidi chini ya nota ya sauti ya kwanza. Itaimba basi mi ya chini, la, la, do, do. Sikilizeni kinachotokea pale ti inapokutana na la, na re inapokutana na do: nota mbili jirani zinasuguana, kisha hatua inayofuata zinaachana. Msuguano huo haukuchaguliwa kwa kuonja sikio, umeletwa na kanuni. Sauti moja inatangatanga, nyingine haitoki nyumbani, na masikio yetu yanazipokea zote mbili kama kitu kimoja.

Spiegel im Spiegel, ya mwaka 1978, inakwenda kwa ukali huohuo wa kanuni. Fidla inaanza na nota mbili tu, kila kifungu kinachopanda kinajibiwa na kinachoshuka, nota zinaongezwa moja baada ya nyingine, na safari zote zinarudi kwenye mi. Mtoto anayeanza kinanda anaweza kuipiga sehemu kubwa ya kazi hiyo, hilo nakubali. Kuitunga ni jambo lingine, kwa sababu anayetunga kwa namna hii hana pa kujificha: nota moja ikikosewa, kila msikilizaji anaisikia. Kwa maoni yangu, kazi hizo mbili ni miongoni mwa vitu vya kweli zaidi vilivyoandikwa kwa piano katika karne iliyopita.

SWALI: Ninasomea muziki chuoni Nairobi. Mwalimu wetu alisema kwamba Cantus ya Pärt imetengenezwa kwa ngazi moja inayoshuka. Mbona basi inasikika nzito kiasi kile?

JIBU: Mwalimu wako yuko sahihi. Kazi hiyo ya mwaka 1977 ni maombolezo ya mtunzi wa Uingereza Benjamin Britten, aliyefariki Desemba 1976, na inahitaji vyombo vya nyuzi na kengele moja tu. Fidla za kwanza zinashuka kutoka la: la peke yake, kisha la-so, kisha la-so-fa, zikirudi juu kila mara na kuongeza hatua moja. Fidla za pili zinafanya yaleyale chini zaidi, kwa nusu ya mwendo huo. Viola nazo zinashuka kwa nusu ya mwendo wa fidla za pili, na vivyo hivyo selo na besi, hata besi zinakwenda mara kumi na sita polepole kuliko fidla za kwanza. Ngazi ni moja, lakini wakati wowote unaisikia katika kasi tano, na uzito unatoka hapo. Kila kundi likifika nota yake ya mwisho linaing'ang'ania, hadi wote wamesimama kwenye kordi moja, yaani nota kadhaa zinazolia pamoja. Kengele hupigwa mara ya mwisho kwa upole mno chini ya kordi hiyo, hivyo nyuzi zinaponyamaza ndipo unagundua kwamba ilikuwa ikilia. Isikilize ukiwa na nota mkononi, uifuate viola peke yake. Ndiyo sauti pekee isiyo na mwenzake wa kordi: makundi mengine yamegawanywa mawili, nusu ikishuka ngazi na nusu ikishika nota za kordi tu, kama ile sauti ya pili ya zoezi la solfa hapo juu.

SWALI: Kwaya yetu ya sauti nne, Dodoma, haina okestra. Tuanze na kazi gani?

JIBU: Anzeni na Da pacem Domine, sala fupi ya Kilatini ya kuomba amani. Pärt alianza kuiandika siku mbili baada ya mashambulizi ya treni za Madrid ya Machi 2004. Inachukua takriban dakika tano, na hakuna sauti inayopanda pasipofikika. Ugumu uko kwenye pumzi na ulinganifu wa sauti, kwani nota ni ndefu na teno wakishuka kidogo tu kordi nzima inachafuka. Msiikimbilie Passio, mateso ya Kristo kwa mujibu wa Yohana, inayokaribia dakika sabini, ingawa kila mwalimu wa kwaya angefaidika kuisoma. Humo idadi ya silabi za neno ndiyo inayoamua wimbo utembee hatua ngapi, na nukta na mkato huamua urefu wa kimya kinachofuata. Sisi tuliorithi tenzi zilizotafsiriwa, ambamo mkazo mara nyingi huangukia silabi isiyo yake, tuna mengi ya kujifunza kwa mtu anayeanza na neno. Nota za Da pacem zinachapishwa na Universal Edition ya Vienna. Nunueni nakala za kutosha, kisha fanyeni mazoezi ya wiki za kwanza bila kinanda, kwa sauti ndogo, besi na teno kwanza.