Nani alichora njia, nani aliwavika ndege manyoya?

Maswali ya safari hii yametoka Lubumbashi, kwa wasomaji wanaotengeneza bustani za michezo ya watoto.

SWALI: Kikundi chetu cha akina mama kimepata kiwanja. Waume zetu wanasema kupanga njia ni kazi ya wahandisi, sisi tubaki na maua. Kule Disneyland, Marekani, hakuna mwanamke aliyefanya zaidi ya maua? – Mama wa Katuba

JIBU: Yupo, Mama, na kazi yake ndiyo wageni waliyoikanyaga. Ruth Shellhorn, mbunifu wa mandhari, aliitwa Machi 1955, na bustani ilitakiwa kufunguliwa 17 Julai mwaka huohuo. Miezi minne tu! Upandaji wa miti ulikuwa tayari mikononi mwa ndugu wawili wa ukoo wa Evans. Yeye akapewa mpango wa jinsi watu watakavyotembea: kutoka uwanja wa mlangoni, kupitia barabara kuu, hadi kwenye mduara wa katikati ambako njia zinaachana, pamoja na kingo za maji mbele ya ngome. Anayechora njia ndiye anayeamua mgeni aone nini kwanza na msongamano uanzie wapi. Hayo si maua. (Siku ya ufunguzi visigino vya wanawake vilizama kwenye lami, lakini hilo lilitokana na joto na lami iliyomwagwa kwa haraka.)

Kwa hiyo msimwage zege kwanza. Chora njia kwa majivu, waacheni watoto wakimbie Jumapili mbili, kisha angalieni nyasi zimelala wapi. Mara nyingi watakuwa wamekata kona mliyoichora kwa mapambo, wafuateni wao. Njia kuu iwe ya mita 3, ili kundi linaloenda lipishane na linalorudi; ndogo mita 1.5 zinatosha. Katikati iinuke kidogo, sentimita 2 kwa kila mita kuelekea ukingoni, la sivyo udongo wetu mwekundu utaletwa juu ya zege na mvua ya Januari, na hapo ni kuteleza tu. Miti ipandwe mvua zikishashika, kwenye shimo la sentimita 60 kila upande. Udongo wa juu uwekeni kando, uchanganyeni na samadi iliyooza, ndio urudi kwenye mizizi. Mwembe una kivuli kizuri, ila uwe mbali na njia: embe lililopasuka huleta nzi na kuangusha wazee.

SWALI: Tunatengeneza ndege wa sanamu wanaopumua kwa mota ndogo. Baada ya siku chache kifua kinapasuka na manyoya yanatoka. Wanasesere nao nguo zinawachanika kwapani. – Fundi cherehani, Kamalondo

JIBU: Tatizo hilohilo lilimkuta Harriet Burns, mwanamke wa kwanza kuajiriwa kwa kazi ya ubunifu katika karakana ya Disney, alipokuwa akiwavika manyoya ndege wa sanamu wa jumba la Disneyland lililofunguliwa 1963. Alikuwa mtu wa msumeno na mashine ya kukereza, huku amevaa gauni. Kifua cha ndege kikipanda, ngozi iliyokazwa huacha mwanya au hupasuka. Jibu alilipata kwenye kiwiko cha Walt Disney mwenyewe, mwanzilishi wa Disneyland: sweta lake la kashmiri lilivutika mkono ulipokunjwa, likarudi bila kujikunja vibaya. Akawavika ndege kashmiri chini ya manyoya.

Kikwembe (kitenge) hakifai hapo, dada. Kimesukwa nyuzi za kwenda na kukatiza, hakivutiki. Tafuta sweta jepesi la mitumba, lililofumwa kwa sindano. Livishe likiwa limelegea kidogo wakati kifua kimejaa hewa, si wakati kimenywea. Hapo ndipo wengi hukosea. Anza mkiani kupanda shingoni, safu ya juu ifunike mashina ya safu ya chini kama mabati ya paa. Gundi iwe tone moja kwenye shina. Ukiipaka kitambaa kizima, ikikauka inakuwa ubao, na kifua kitapasuka palepale.

Kwa nguo, mfuate Alice Davis, mbunifu wa mavazi wa Disney. Alibuni mavazi zaidi ya 150 ya wanasesere wa mchezo wa mashua uliopangwa kwa rangi za msanii Mary Blair, kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York ya 1964, kisha akawavika maharamia wa sanamu wa Disneyland wa 1967. Aliomba seti ya pili ya mavazi ya maharamia, akakataliwa. Akaishona kimyakimya ndani ya bajeti ileile. Moto ulipoharibu nguo, akiba ilikuwa tayari. Nawe shona mbili mbili. Fua kitambaa kabla ya kukikata, maana pamba hurudi. Kwapani tia kiraka cha umbo la almasi, sentimita 10 kwa 10. Mgongoni pawe na velkro toka shingo hadi kiuno, ili fundi wa mota aingize mkono bila kumvua mwanasesere kichwa.

SWALI: Watu wanachoka na foleni ya chakula, wanaondoka. – Msomaji, mtaa wa Kenya, Lubumbashi

JIBU: Huko Buena Park, California, foleni ya namna hiyo ndiyo iliyozaa bustani nzima ya michezo, Knott's Berry Farm. Juni 1934 Cordelia Knott alipika kuku wa kukaanga kwa wageni 8, senti 65 kila mmoja, akawapakulia kwenye vyombo vya harusi yake. Watu wakazidi, hata mumewe Walter akaanza mwaka 1940 kujenga kijiji cha kizamani ili wanaosubiri wawe na cha kutazama. Uzio na kiingilio vilikuja 1968 tu. Kila mtu anamtaja Walter, sufuria hazitajwi.

Nyinyi toeni vibao vya namba, mtu akacheze na watoto mahali ambapo sauti ya mwitaji inafika. Vipande vya kuku visijaze sufuria: mafuta yakipoa ghafla, kuku hunywa mafuta badala ya kukauka. Na bukari (ugali) isongwe kidogokidogo kila nusu saa. Ile ya asubuhi, saa saba mchana inagongwa kama tofali.