Mto Ebro ushukwe kwa baiskeli

Mhariri,

Swali lenu la wiki linauliza: "Ni safari gani ambayo gari lingeiharibu?" Ninalo jibu moja tu. Ni kushuka kwa baiskeli kutoka vilima vya Terra Alta, kusini mwa Catalonia huko Hispania, hadi delta ya mto Ebro. Tangu nihamie Barcelona nimeipita njia hiyo zaidi ya mara moja. Wenzangu wengi wameiona delta kwa gari, Jumapili mchana, wakala wali wa samaki, wakapiga picha za ndege, wakarudi. Wameona majaruba, ila hawajaona yalikotoka.

Nilizaliwa Ifakara, kwenye bonde la Kilombero nchini Tanzania, mahali ambapo baiskeli ni chombo cha kazi: hubeba mpunga, mkaa, mgonjwa na mwanafunzi. Kwa hiyo siandiki kutetea mazoezi wala mashindano. Ninautetea mwendo wake. Ukiwa juu ya baiskeli mteremko unausikia magotini, mfereji unaunusa kabla ya kuuona, na udongo ukibadilika unaukuta umeganda kwenye tairi zako jioni. Mto mrefu kama Ebro, wenye kilomita zaidi ya 900, huwezi kuumaliza kwa likizo. Lakini sehemu hii ya mwisho inatosha kukuonyesha kazi ya mto tangu mlimani hadi baharini, bila kukatizwa na barabara kuu.

Njia yenyewe ni reli ya zamani iliyong'olewa mataruma. Iliitwa Val de Zafán, na ilikusudiwa kuushushia mkoa wa bara wa Aragón mizigo yake hadi bandari ya Sant Carles de la Ràpita. Ujenzi ulianza karne ya 19, ukakwama, ukaendelea, ukakwama tena. Wafungwa wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vya 1936 hadi 1939 walitumikishwa humo. Treni ilifika Tortosa miaka ya 1940, na bandarini haikufika kamwe. Mwaka 1973 handaki moja likaporomoka, safari zikasimamishwa na hazikurudi. Leo ni njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, kilomita hamsini hivi kutoka Arnes hadi Tortosa, na magari hayaruhusiwi.

Kwa kuwa treni haiwezi kupanda mlima mkali, wahandisi walitoboa miamba na kuvusha madaraja juu ya makorongo. Hiyo ndiyo faida ya msafiri wa leo: ukianzia Arnes unateremka karibu muda wote, polepole, huku pedeli zikizunguka bila kulazimishwa. Upande wa kulia ipo milima ya Els Ports, mawe matupu yenye mbuzi mwitu na tai wala mizoga. Chini yake kuna milozi, mizeituni na mizabibu. Terra Alta inajulikana kwa zabibu nyeupe aina ya garnatxa, na vijiji vingi vina ushirika wake wa divai. Kisha yanaanza mahandaki, zaidi ya ishirini. Mengine yamepinda, hata ukifika katikati mwanga wa nyuma umeshapotea na wa mbele bado haujaonekana. Chukua taa ya kweli, ile ya simu haitoshi. Na ndani humo kuna baridi hata mwezi wa Julai.

Huko Bot, ambako stesheni imekarabatiwa, nashauri uiache reli na upande hadi Gandesa na Corbera d'Ebre. Ni kilima cha kutoa jasho, na ndicho pekee ninachokuomba. Gandesa ina ghala la divai la ushirika lililosanifiwa na Cèsar Martinell mwaka 1919: matao membamba ya matofali yanayobeba paa zito, yamejengwa kwa ajili ya wakulima kwa uangalifu ambao kwingine ungetengewa kanisa. Kilomita chache mbele, mji wa zamani wa Corbera umeachwa kama mabomu yalivyouacha mwaka 1938. Vita vya Ebro vilianza usiku wa kuamkia tarehe 25 Julai, jeshi la serikali ya Jamhuri lilipovuka mto kuwakabili askari wa Franco, na vikaisha tarehe 16 Novemba. Unaposimama kwenye vifusi hivyo na kutazama mabonde uliyoyapita, unajua askari walitembea umbali ule ule, kwenye joto lile lile, tena wakiwa na kiu. Mwenye gari hufika pale akiwa ametoka kwenye kiyoyozi.

Ukirejea njiani, mto mdogo wa Canaletes unakusindikiza kwenye korongo. Fontcalda kuna kanisa la mahujaji na chemchemi ya maji ya uvuguvugu, ya kama nyuzi 28. Watu huoga, hula, hulala kivulini, na hakuna anayekuharakisha. Baada ya hapo korongo linafunguka na Ebro wenyewe unatokea, mpana, wa kijani, kimya. Hewa inabadilika mara moja. Milozi inaisha, michungwa inaanza.

Kwa mtu wa mpunga, Xerta ndipo pa kusimama. Hapa kuna banio kubwa, ukuta wa mawe uliolazwa mshazari kukata mto mzima, wenye asili ya zama za kati. Kutoka hapa hutoka mifereji miwili, mmoja kila ukingo. Wa kulia ulianza kumwagilia delta katika karne ya 19, wa kushoto ulifuata mwaka 1912. Yeyote aliyewahi kugombania zamu ya maji kwenye skimu ya umwagiliaji atakaa hapa muda mrefu, kwa sababu kila punje ya wali atakayoila baharini imeanzia kwenye ukuta huu. Mimi nilikaa hadi jua likazama, na bado sikuwa nimechoka kutazama maji yakigawanyika.

Tortosa nitaipita haraka, ingawa ina ngome ya Waarabu na kanisa kuu zuri. Lala huko, nunua tyubu ya akiba na kiraka. Kesho yake fuata mto hadi Amposta, penye daraja la kamba za chuma la mwaka 1921. Hapo vilima vinaisha kabisa.

Delta ina kilomita za mraba 320, na karibu hekta 20,000 ni mpunga. Mwezi Aprili malango hufunguliwa na nchi yote inageuka kioo cha maji. Mei mpunga unachomoza, Julai ni kijani hadi upeo wa macho, Septemba mashine zinavuna. Barabara ndogo kati ya majaruba ni tambarare na hazina kelele, kwa hiyo ndege hawakukimbii. Yangeyange wanafuata trekta za magurudumu ya chuma vile vile wanavyowafuata ng'ombe wetu bondeni Kilombero. Kwenye maziwa ya Encanyissada na Tancada utawaona heroe, wale flamingo wa waridi, na wengine huzaliana Punta de la Banya, karibu na mashamba ya chumvi. Angalia pia mashina ya matete na kingo za saruji: mayai ya waridi yaliyobanana pale ni ya konokono wa majini kutoka Amerika Kusini. Alionekana delta mwaka 2009, na hula miche ya mpunga usiku. Kwenye gari usingeyaona kamwe. Mkulima anayaona kila asubuhi.

Na wapo mbu. Kabla ya mifereji, delta ilikuwa matete, chumvi na homa, na mpunga ulipoingia malaria haikuondoka. Shirika la Afya Duniani liliithibitisha Hispania kuwa imetokomeza malaria mwaka 1964 tu. Wazee wa Poblenou, kijiji cha humo deltani, wanaocheza karata barazani walizaliwa wakati homa hiyo ingali hai kwao kama ilivyo kwetu.

Sasa nifike kwenye kiini cha jibu langu. Delta ni tope. Mvua iliyonyesha juu ya bonde lote la Ebro ilibeba udongo karne kwa karne na kuutua hapa. Miaka ya 1960 yakajengwa mabwawa makubwa ya umeme ya Mequinenza na Riba-roja, juu ya mahali reli inapokutana na mto. Tangu hapo karibu tope lote, wanasayansi husema asilimia 99, linabaki nyuma ya kuta hizo. Maji yanafika, udongo haufiki. Ardhi ya delta, ambayo sehemu kubwa haifiki mita moja juu ya bahari, inazidi kujishindilia na kushuka, na bahari inapanda. Januari 2020 dhoruba iliyoitwa Gloria ilifunika maelfu ya hekta za majaruba kwa maji ya chumvi, na kuukata ulimi wa mchanga wa Trabucador.

Ukiuendesha ulimi huo, bahari kushoto na ghuba kulia, unaelewa kwa mwili jinsi nchi ilivyo nyembamba. Siku chache kabla ulikuwa juu, kwenye udongo mwekundu uliopaswa kuwa hapa. Hilo ndilo gari linaloliharibu: linakuruhusu kuiona delta bila bonde, na bonde bila delta, kana kwamba ni safari mbili.

Watu wa huku hawakunyamaza. Mwaka 2001 serikali ilipopitisha mpango wa kuhamishia maji ya Ebro maeneo mengine, waliandamana kwa maelfu, na mwaka 2004 uhamishaji huo ukafutwa. Alama yao, bomba lililofungwa fundo, bado imechorwa kwenye kuta za vijiji utakavyopita. Leo wanadai tope, kwamba mabwawa yafunguliwe kwa namna ya kulipitisha.

Nayaandika haya nikiwaza nyumbani. Mto wetu Kilombero ndio tawi linaloupa Rufiji maji mengi kuliko yote, na Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji hiyo lilianza kujazwa Desemba 2022. Umeme tunauhitaji, sibishani na hilo. Lakini tope lililokuwa likishuka hadi kwenye mikoko ya Nyamisati sasa lina ukuta mbele yake, na wakulima na wavuvi wa delta ya Rufiji wanastahili kuambiwa litapitaje. Ningependa kila mhandisi wa maji wa kwetu apewe baiskeli na wiki moja Terra Alta.

Kwa atakayekwenda: treni kutoka Barcelona hufika Tortosa, na hapo utapata gari dogo la kukupandisha na baiskeli hadi Arnes. Nenda Mei kwa ajili ya majaruba yenye maji, au mwishoni mwa Septemba kwa mavuno. Agosti ni joto na mbu. Baiskeli yenye tairi pana kidogo na gia za kawaida inatosha. Chunguza upepo kabla ya kutoka Amposta, kwa sababu mestral hushuka bonde la Ebro kwa nguvu kuliko kusi yoyote niliyowahi kukutana nayo Pwani. Ukielekea baharini unakusukuma, ukirudi utaukuta usoni. Wenyeji siku ya upepo huo hupanda treni kwenye stesheni ya L'Aldea, nami hufanya hivyo hivyo. Ukiwa na siku mbili tu, usiikate Xerta. Lala Benifallet, anza asubuhi, pita kwenye banio, ufike Poblenou kabla ya jioni, kisha uagize wali wa bata.