Mswada Ukishagawiwa, Namba Haziguswi

Kinachoharibu siku ya kurekodi kwenye tamthilia ndefu mara nyingi si mazungumzo mabaya. Ni mwigizaji mmoja kushika kurasa za Jumanne huku mwenzake kashika za Alhamisi. Kwa hiyo kabla hamjabishana mhusika aseme nini, kubalianeni marekebisho yatapita njia gani.

Marekani wana utaratibu wa tangu enzi za karatasi, na unafaa hata mkitumiana kurasa kwa WhatsApp. Mswada wa kwanza unaogawiwa kikosi kizima ni mweupe, na siku hiyo namba za kurasa na za sini (onyesho moja moja la tamthilia) zinafungwa, yaani hazibadilishwi tena. Baada ya hapo hutolewa kurasa zilizobadilika tu, kila toleo na rangi yake: buluu, pinki, njano, kijani, dhahabu, na kuendelea mpaka buluu irudi mara ya pili. Juu ya ukurasa kuna rangi na tarehe. Pembeni kulia, kila mstari uliobadilika una alama ya nyota (*). Nyota za toleo lililopita zifuteni kwanza, la sivyo ukurasa unajaa nyota na mwigizaji anaacha kuzitazama.

Wengi huzembea kwenye kufunga namba. Sini ya 24 ikiondolewa, namba yake hairithiwi. Inabaki “24 IMEFUTWA”. Sini mpya inayoifuata ni 24A. Ukurasa wa 27 ukirefuka, ziada inakwenda 27A, hata ikiwa ni mistari mitatu na karatasi nzima chini yake ni tupu. Unaonekana ufujaji, lakini mtu wa mavazi, wa vifaa, wa ratiba na wa mwendelezo (anayehakikisha sini zinaoana) wote wamejaza madaftari yao kwa namba hizo. Zisogee hatua moja tu, na sini ya 25 kwa mtu wa mavazi itakuwa msiba wakati kwa mpiga picha ni harusi. Programu ya uandishi nayo itazisogeza yenyewe msipozifunga humo ndani.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye ratiba. Tamthilia ndefu hurekodiwa kwa kufuata mahali: sebule ya nyumba moja inapigwa kwa epizodi kadhaa kwa mkupuo. Ukirekebisha epizodi ya 41 leo, huenda ya 43 imesharekodiwa, na ndani yake mama mkwe anajua jambo ambalo umemnyima sasa hivi. Tunzeni jedwali la safu nne: mhusika, anachokijua, alikijua sini ipi, sini hiyo imerekodiwa au bado. Mwandishi asiguse kitu kabla ya kulisoma.

Mwigizaji akiugua, usimpe mwingine mistari yake ilivyo. Andika kwanza kwa sentensi moja sini hiyo ilibeba nini, tuseme, mama mkwe anagundua hati ya nyumba haipo. Kisha tafuta ni nani mwingine ana sababu ya kulijua hilo au kulificha. Mhusika kupata habari kwa simu ndiyo njia rahisi, ndiyo maana inachosha: ikitumika mara tatu kwa wiki, watazamaji wanashtuka. Na angalieni mfuko pia. Mpita njia aliyekuwa kimya ukimpa mstari mmoja, kwa mikataba ya Marekani anahama daraja la malipo. Popote mlipo, muulizeni mtayarishaji kwanza.

Urefu hupimwa kwa sehemu ya nane ya ukurasa, na ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja hewani. Ukiongeza nne ya nane, yaani nusu ukurasa, kwenye sini ya kesho, punguza kiasi hicho kwenye sini nyingine ya siku hiyo hiyo. Kupunguza sini ya wiki ijayo hakumsaidii mwongozaji.

Marekebisho yatoke kwa mtu mmoja. Mwigizaji akibadilisha neno mbele ya kamera na mwongozaji akalikubali, mtu wa mwendelezo analiandika na kulirudisha kwa mhariri wa mswada jioni ile ile. Maelezo ya sauti kwenye WhatsApp hayahesabiwi mpaka yawe ukurasa wenye rangi. Jina la faili liwe epizodi, rangi na tarehe. Ukiona limeandikwa “MWISHO KABISA 2”, lirudishe lilikotoka.